Picha za uso zenye sura ya kizamani, Mji Mkongwe, kwa mwanga wa mlango na dirisha tu

Siku hizi kila anaeoa au anaemaliza chuo anataka picha za kizamani, zile za kiza kiza, uso nusu umetoka nusu umezama, rangi zimechujuka. Na vijana wengi wanaopiga picha hapa Unguja wanaianzia kazi mwisho, ya'ni wanampeleka mtu Forodhani saa saba mchana jua limesimama utosini, wanapiga, wanarudi nyumbani wanabandika filta ya rangi ya chai, kisha wanashangaa mbona haifanani. Haiwezi kufanana. Uzamani wa picha haumo kwenye rangi, umo kwenye mwanga unaoingia upande mmoja tu na kivuli ambacho mpigaji amekiacha kiwe kivuli, na hivyo vitu viwili Mji Mkongwe vimejaa kila nyumba, huvinunui wala huvikodi.

Kabla hujatoka na kamera nakuomba sana kazitizame picha zenyewe za zamani kwanza. Capital Art Studio ipo Kenyatta Road, Shangani, mpiga picha Ranchhod Oza aliifungua 1930, na kuta zake zimejaa nyeusi-nyeupe za mji huu na watu wake. Ingia, salimia, simama mbele ya picha moja mpaka uishibe. Na zile albamu za mabibi majumbani nazo, omba ufunguliwe. Tizama mwanga umetokea wapi, mara nyingi utaona ni ubavuni, juu kidogo ya usawa wa jicho. Tizama weusi wake, sio mweusi wa wino, ni kijivu kizito chenye uhudhurungi ndani. Nyeupe nayo haichomi macho, hata kanzu imebaki na mikunjo yake. Halafu tizama watu walivotulia.

Kutulia kule kuna sababu yake. Vioo vya kupigia picha na filamu za mwanzo zilikuwa nzito kupokea mwanga, mtu alitakiwa akae kimya sekunde kadhaa asitikisike, na huwezi kushikilia tabasamu sekunde zote hizo uso usikakamae, kwa hiyo watu waliacha sura zao zikae zenyewe. Tena zile filamu za awali zilikuwa haziioni rangi nyekundu, ndo maana midomo inatoka mieusi na ngozi ya maji ya kunde inaonekana nzito kuliko ilivyo. Ile rangi ya kahawia nayo haikuwa urembo peke yake, picha ilipitishwa kwenye dawa, fedha iliyomo kwenye karatasi ikageuka kuwa kitu kigumu zaidi kisichopauka upesi. Ukiyajua haya unajua unatafuta nini, hubahatishi.

Sasa mahali. Pazuri kuliko pote ni mlangoni. Nyumba zetu za mawe zina kuta nene, mlango wa nakshi, kisha daka, ile nafasi ndogo ya kupokelea wageni, kisha ndani kiza. Ufungue mlango bawa moja tu, lile la pili libaki limefungwa. Mtu wako msimamishe ndani, hatua moja na nusu au mbili kutoka kizingitini, asiuelekee mlango moja kwa moja, auweke ubavuni, halafu ageuze uso taratibu kuutafuta mwanga. Wewe kaa ukutani upande ule ule wa mlango, upige kuelekea ndani, ili nyuma yake kuwe na kile kiza cha nyumba. Usimuangalie yeye mzima mzima, angalia shavu lake la upande wa kiza. Anavyogeuka kuna mahali itatokea pembetatu ndogo ya mwanga chini ya jicho la upande ule, hapo mwambie abaki hapo hapo. Akizidi kugeukia mlangoni uso unakuwa bapa, akipungua jicho moja linapotea kabisa, na jicho lisilokuwa na nukta ya mwanga ndani linaonekana limekufa. Hatua moja ya kwenda ndani inabadilisha picha nzima maana mwanga unashuka haraka sana ukishauacha mlango, kwa hiyo usichoke kumwambia sogea mbele kidogo, rudi nyuma kidogo, hiyo ndo kazi yenyewe.

Jua lenyewe lisiingie mlangoni lakini. Unataka mwanga wa anga, sio miale. Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikusaidii kwa sababu sisi tupo karibu nyuzi 6 tu kusini ya ikweta: toka Aprili mpaka Agosti jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo mlango au dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua kutwa nzima, unaweza kufanya kazi hapo asubuhi mpaka alasiri na mwanga ukabaki mlaini. Novemba mpaka Januari ni kinyume chake, jua linapita kusini, ukatafute dirisha linalotazama kaskazini. Ukishazijua nyumba zako za kazi na kila moja inatazama wapi hutosumbuka tena kumwambia mteja aje saa ngapi.

Hata ule muda wa jua la dhahabu wanaousema, kwao Ulaya unakwenda saa nzima na zaidi, kwetu jua linateremka karibu wima, ukibahatika unapata nusu saa. Magharibi yetu inaingia kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, basi ukitaka ule mwanga uwe umeshajipanga kuanzia saa 11 na nusu, mtu kavaa, kasimama, kamera tayari. Mie kwa picha za namna hii siupendi sana, unatoa picha tamu za harusi ila mambo ya kiza kiza yanautaka ule mwanga wa baada ya jua kuzama, dakika kumi na tano hivi, wa kibuluu, au wa asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa.

Mchana usikimbie lakini, ingia vichochoroni. Kiponda, Hurumzi, Mkunazini, njia zile nyembamba ambazo watu wawili wakikutana mmoja anajibana. Mchana jua linapiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, ule ukuta unaurusha mwanga chini upande wa pili, na chini pale unapata mwanga mzuri mno, mlaini, wenye upande. Mtu msimamishe aelekee ukuta unaong'aa, yeye mwenyewe asiguswe na jua. Ukuta wa chokaa nyeupe au iliyozeeka ndo bora. Ukuta uliopakwa kijani au buluu uuepuke, rangi inaruka inamkaa mtu usoni na ngozi inakuwa ya mgonjwa, na hata ukigeuza nyeusi-nyeupe bado ngozi inatoka ovyo. Kisha inua macho: waya za umeme, madishi, viyoyozi, mabango ya kuuza laini za simu, vespa. Vyote hivyo vinaivunja picha. Sogea nusu hatua kabla ya kufikiria kuvifuta kwenye kompyuta.

Masika watu wanafunga kamera, mie nakwambia huo ndo msimu. Wingu limetanda, ukuta umelowa umekuwa mweusi, mawe yanaonesha kila nyufa. Tatizo lake ni kuwa mwanga unatoka kila upande kwa hiyo uso unakosa kivuli, na hapo ndo unatakiwa uondoe mwanga badala ya kuuongeza. Chukua buibui jeusi, au shuka lolote jeusi lisilong'aa, mpe mtu alishike wazi karibu na shavu moja la mtu wako, nje ya fremu, karibu kabisa, kiasi cha mkono mmoja. Utaona lile shavu linazama mbele ya macho yako. Watu wote wanabeba rifleketa nyeupe, ile ya kurudisha mwanga usoni, beba nyeusi. Kama kivuli kimezidi mpaka sikio limepotea, ndo unasogeza kanzu nyeupe au kipande cha boksi jeupe upande ule, mbali mbali, kurejesha kidogo tu.

Kamera. Ya aina yoyote, wallahi. Lenzi ya milimita 50 au 85 inatosha, fungua tundu lake f/2 au f/1.8, kasi isishuke chini ya 1/125 ya sekunde kama unashika mkononi, ISO, ya'ni wepesi wa kamera kupokea mwanga, anza 400 mlangoni na ikibidi panda mpaka 1600, chembechembe zikitokea ziache, kazi hii inazipenda. Usiiachie kamera ikuamulie mwanga maana ikiona kiza kingi itataka kukifanya kijivu, punguza kituo kimoja, ya'ni mwanga ubaki nusu, au thuluthi mbili ya kituo, au pima ule upande wa uso ulio kwenye mwanga, huo utoke sawa, mwengine uende unakokwenda. Waiti balansi, ile ya kupanga rangi ya mwanga, iweke ya jua usiiache oto, la sivyo kila picha itatoka na rangi yake. Piga RAW, ya'ni faili ghafi ambalo kamera haijalipika. Mwenye hamu ya lenzi za kale azitafute zile za Kisovieti, Helios 44-2 milimita 58, zinaingia kwenye kamera za leo kwa adapta, fokasi unazungusha kwa mkono, na nyuma ya mtu zinatoa ule ukungu unaozunguka, majani na nakshi zinapinda vizuri sana. Kwa simu: bonyeza usoni ushikilie mpaka fokasi ijifunge, kisha buruta kile kijua chini mpaka kiza kiwe kiza, na ile modi ya potreti inayotia ukungu wa bandia nyuma ya mtu izime, inakata ncha za kofia na mabawa ya shela, inaonekana uongo.

Ngozi. Hapa ndo naomba mnisikilize kuliko pote. Wateja wanasema "ning'arishe", na wapigaji wanatii, wanapandisha mwanga wa uso mpaka mtu mweusi anatoka wa majivu. Ngozi nyeusi haielezwi kwa kuangazwa yote, inaelezwa kwa ule mng'aro wa pale mfupa wa shavu ulipo, kwenye paji, kwenye daraja la pua, na baina yake kuna weusi mzito wenye rangi ndani, wekundu, buluu, udhahabu. Mwanga wa ubavuni unaupata huo mng'aro, flashi ya usoni inaufuta. Kwa hiyo mwambie mpambaji asipake poda ya kuufanya uso mkavu wala rangi iliyopita ngozi ya mtu kwa shedi mbili. Tone moja la mafuta ya nazi kwenye ncha ya kidole, sugua mpaka liwe jembamba, pitisha juu ya mifupa ya mashavu na chini kidogo ya nyusi. Sio kumpaka akawa anatiririka, ni ule unyevu tu unaoshika mwanga wa mlango. Ukishampiga muoneshe picha moja pale pale kwenye skrini, wengi hawajawahi kujiona hivyo na lile ombi la kung'arishwa linaisha lenyewe.

Mavazi yasiwe ya kuigiza. Kanzu iliyofuliwa sana ni nzuri kuliko mpya inayong'aa, kofia ya kushona kwa mkono, koti la zamani la babu, joho kama lipo kwenye ukoo. Kwa wanawake, buibui la kamba la zamani kama bibi bado analo, ukaya, kanga zilizopauka, kikuba, kile kishada cha maua na majani yanayonukia, kifuani, asumini kwenye nywele kwa picha za ndani za faragha ambazo mwenyewe ameridhia. Rangi ziwe nzito nzito, hudhurungi, nyekundu ya damu ya mzee, buluu iliyokolea. Vua saa ya kisasa, toa simu mfukoni, na kiti cha plastiki kipigwe teke mbali, kama kuna kiti cha kale cha kamba au kasha lenye misumari ya shaba kaa hapo.

Moshi watu wanauliza sana unapatikanaje, jibu lipo kwenye chetezo cha mama yako. Udi mzuri ni ghali usiumalize kwa picha, tumia ubani, unatoa moshi mweupe mwingi. Makaa yashike vizuri kwanza yawe na jivu juu, tia punje mbili tatu, weka chetezo chini nje ya fremu upande wa kiza. Siri yake ni kwamba moshi unaonekana ukipigwa na mwanga kwa nyuma au ubavuni na nyuma yake kuwe na kiza. Mbele ya ukuta mweupe hutouona hata ukichoma kilo. Zima feni, funga dirisha la pili lisilete upepo. Punje zikianza, moshi unapanda umenyooka, ukifika usawa wa kifua unaanza kujikunja, lile wimbi la kwanza zito liache lipite maana linamziba uso na kumpalia, subiri uwe utando mwembamba unaopita kwenye ule mstari wa mwanga wa dirisha, hapo piga tano sita mfululizo.

Kumuelekeza mtu ni nusu ya kazi. Usimwambie "pozi". Mpe pa kutizama na mpe cha kushika, mikono ikiwa haina kitu inajulikana. Mwambie avute pumzi, aitoe yote pole pole, na pale inapomalizikia ndo mabega yanashuka na uso unakaa wake, piga hapo. Na wazee ndo nyuso nzuri kuliko zote ila wanataka adabu, unakaa chini kwanza, unaongea, kahawa inapita, kamera imo mkobani.

"Shikamoo bibi."
"Marhaba mwanangu, hujambo."
"Sijambo bibi. Naomba geuza uso kidogo, tizama mlangoni, anakuja mtu."
"Nani huyo?"
"Wewe ndo unaemjua."

Akianza kufikiria ni nani, unayo picha yako. Na akisema hapana, ni hapana, funga lenzi uendelee na mazungumzo. Watu wa barazani hawapigwi kwa kuibiwa, mtu aliyevaa buibui akipita njiani hapigwi, msikitini hukai mlangoni na kamera wakati wa sala, na maeneo ya jeshi na ya serikali yenye ulinzi usinyanyue kamera kabisa. Picha ukiahidi kuleta, ilete.

Ukitaka nje ya mji, Maruhubi kuna nguzo za jumba la Sayyid Barghash lililoungua 1899, zimesimama zenyewe mlinganisho mzuri, asubuhi mapema kabla jua halijapanda ndo mwanga unapita baina yake. Hamamu za Kidichi zina vile vitundu vya kwenye kuba vinavyoshusha mwanga toka juu, mtu asimame sio chini yake hasa, nyuma hatua moja, ainue kidevu, maana mwanga wa utosini unachimba macho. Sehemu hizi nyingi zina kiingilio na ukienda na nguo na watu wengi ulizia ruhusa mapema. Ndugu zangu wa Pemba wao wana kitu chengine, msimu wa karafuu zikiwa zimeanikwa juu ya majamvi kutoka Wete mpaka Chake, ile hudhurungi ya karafuu kavu na mwanga wa jioni unaolala chini, mtu akiinama kuzigeuza, humalizi picha. Na msitu wa Ngezi siku ya wingu, kijani chake ukikishusha mwanga kinakuwa karibu cheusi.

Nyumbani sasa. Ikiwa unageuza nyeusi-nyeupe, nenda kwenye kipengele cha rangi moja moja cha programu yako, zile priseti za kununua, ya'ni mipangilio iliyotengenezwa tayari, nyingi zinashusha rangi ya chungwa ili kuiga filamu ya zamani, kwa ngozi ya kizungu inapita, kwa yetu inaua, kwa hiyo chungwa ipandishe kidogo mpaka mashavu yapumue, shusha buluu na kijani. Kwenye mstari wa toni (tone curve), inua ile ncha ya chini kushoto kidogo tu ili weusi ulainike, shusha ya juu kulia ili nyeupe isichome. Tia udhahabu hafifu kwenye mwanga na uhudhurungi kwenye kivuli, kidogo kiasi kwamba mtu asitambue mpaka umuwekee na ile ya kabla. Chembechembe kidogo. Pembe zilizochanika za kubandika, mikwaruzo ya bandia, tarehe ya uongo ya 1964, vyote hivyo viache, unamsingizia mtu maisha ambayo si yake.

Vifaa vyetu vinakufa kwa unyevu na chumvi, hilo fupi tu: ukitoka chumba cha kiyoyozi usifungue mkoba mara moja, uache umefungwa nusu saa la sivyo lenzi inatoka jasho, na baada ya siku ya ufukweni futa kila kitu kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji yasiyo na chumvi kisha kikavu. Lenzi zihifadhi kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kunyonya maji, ukungu ukishaota ndani ya kioo kuutoa ni gharama.

Mwisho chapa, angalau moja, inchi 5 kwa 7, karatasi ya mati sio ya kung'aa, na ubakishe ukingo mweupe pembeni. Ukipeleka dukani simama na mwenye mashine umuombe azime ule urekebishaji wa oto, maana ile mashine ikikiona kile kiza ulichokihangaikia itakiangaza chote, na umwambie akutolee kipande cha majaribio kwanza ukitizame nje kwenye kivuli, sio chini ya taa ya duka.